Kobalti katika Damu ya Yuma

— Soma! Soma weye mwenyewe!

Nilimtupia bwana wangu Yuma karatasi ya labo kifuani. Ilikuwa mchana kweupe, na majirani walikuwa wamenyamaza wote wapate kusikia vizuri. Wasikie! Nilikuwa nimechoka.

— Unasema nini, Mama Feza?

— Kobalti! Damu yako imejaa kobalti! Umerudia kuchimba!

— Nani anachimba?

Nilitaka kulia. Miezi mitatu mimi ninasema, yeye "unasema nini?" Nikimwambia neno asubuhi, saa sita ameshasahau. Na mwanaume huyuhuyu, siku tulipomzika mdogo wake aliyefunikwa na udongo kwenye carrière, machimbo ya kobalti, aliniapia mkono juu ya Kurani kwamba hataingia tena shimoni. Tangu hapo ni fundi wa kushona nguo. Sasa fundi gani anarudi nyumbani na udongo mwekundu kwenye suruali?

— Uliapa, Yuma!

— Na sikuvunja. Wallahi sikuvunja.

— Ile udongo inatoka wapi?

Akainamisha kichwa, akaanza kuikung'uta suruali. Kukung'uta huko ndiko kulinimaliza. Nikafunga mzigo wangu niende Kasomeno kwa kaka yangu. Dada yangu Rachida alikuwa ameshaniandikia: "Toka hapo. Mwanaume wa bongo, wa kudanganya, habadilike."

Lakini nilipita kwanza kwa docteur Gauthier, aliyekuwa akimtibu miezi hiyo mitatu, asije akasema nimemtupa mgonjwa. Yuma akanifuata nyuma, anachechemea.

— Docteur, mugonjwa wako njo huyu. Anachimba kwa kujificha. Miye naenda.

— Na miye niliwaza vile, Mama Feza. Huku kwetu kobalti ikionekana mu damu, wote tunawaza carrière. Lakini huyu muguu iko na nini?

— Ni nyonga yake ya chuma, walimutia kule Inde, kwa Wahindi. Iko miaka kumi na tano, tangu camion imugonge.

Docteur akaweka kalamu chini.

— Nyonga ya chuma! Juu ya nini hamukuniambia?

— Juu ya nini haukuuliza!

Alimpiga picha ya nyonga, akaangalia na moyo. Tulikaa tukingoja mpaka mgongo ukaniuma. Docteur aliporudi, hakuwa na uso wa kutufurahisha.

— Hii ni ya zamani, chuma ya kobalti inasuguana na chuma. Unga yake njo inaingia mu damu. Inaharibu masikio, inatetemesha mikono, inasahaulisha. Na moyo imeanza kuchoka. Lazima itolewe, haraka.

— Masikio yatarudi?

— Pengine kidogo. Sitakudanganya.

Miezi mitatu! Vidonge vya malaria, vidonge vya presha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeutaja mguu huo! Nilimkasirikia docteur, nikajikasirikia mwenyewe kupita wote. Nikainama kwenye sikio la Yuma, nikapiga kelele:

— Na udongo?

— Ni ya Kasungami, kwa Doudou. Namulimia shamba, ananilipa. Mikono inatetemeka, Mama Feza. Tangu miezi mbili uzi haiingie mu sindano. Nilisikia haya kukuambia.

Tuliketi kwenye banc ya korido, katikati ya wagonjwa. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini ingenibidi nipige kelele, korido nzima ijue. Nikatoa simu, nikaandika: "Unisamehe. Nilikuita muongo mbele ya majirani, na haukudanganya. Siende Kasomeno."

Simu yake ikatikisika mfukoni. Akasoma, akasoma tena. Akaanza kujibu, vidole vinacheza, anafuta, anaandika, mpaka nikataka kumnyang'anya simu. Mwishowe yangu ikatikisika:

"Andika tena. Miezi tatu sijakusikia vizuri hivi."

Machozi yakanishuka, na hasira ikiwemo bado. Nikaandika: "Ungeniambia habari ya sindano, mupumbavu weye! Ningekuingizia uzi."