Uyoga wa Murembe

Wewe unayejua kila kitu, soma kwanza halafu ubishe. Wenzako walibisha, nikawapeleka mpaka kwa Andati, kijijini Malinya, na ghafla wakakumbuka wameacha ng'ombe bila maji.

Murembe haukatwi. Hata kuni zake haziingii jikoni. Ni mti wa viapo, na wazee wanasema una jini wake ndani. Lakini huu ulikuwa katikati ya shamba la Andati, kivuli chake kinaua mahindi, na Andati alijiona mjanja kuliko ukoo mzima. Hakuukata. Aliuchuna ganda tu, shina lote kuzunguka, ufe polepole aseme umekufa wenyewe.

Mvua ilipokuja, shina likaota uyoga mweupe, mnene, umekunjamana kama masikio. Mkewe Nafula, huyo Mama Tracy, akauchuma, akaupika na karanga, akala.

Kesho yake akaanza kunuka udongo. Anaoga, ananuka. Kwenye kitana chake zikabaki nyuzi nyeupe ambazo hazikuwa nywele. Siku ya tatu ngozi ya shingo ikapasuka bila damu, na hapo, mchana kweupe, Andati akitazama, kikachomoza kiuyoga kidogo, kikafunguka taratibu, kikageukia upande aliosimama, na yeye akisogea nacho kinamfuata, akibana pumzi kinatulia, kana kwamba kinasubiri aseme kitu.

Hospitali walisema ni chakula kimemkataa. Ndipo akaitwa Shikanga, mganga wa Navakholo. Mwenye bodaboda alimshusha barabarani. Hakutaka kuingia boma hilo.

"Nani alinivua nguo?" ikauliza sauti kutoka kwa Nafula. Midomo yake haikusonga.

"Jibu, bwana," Shikanga akanong'ona. "Anayeuliza si mkeo."

"Mti ulikufa wenyewe, mzee."

Uyoga wa pili ukachomoza. Wa tatu, chini ya jicho.

"Haya, endelea na ujanja. Ukifika puani tutachimba kaburi," Shikanga akamwambia.

Andati akapiga magoti. "Ni mimi. Nilikuchuna na panga."

Hakuna uyoga ulioanguka. Pumzi ya Nafula ilikuwa inakwaruza.

"Kuna kipande umeficha," Shikanga akasema.

Andati akainamisha kichwa. "Mama Tracy, siku ile unapika, nilijua umeutoa wapi. Ningekukataza, ungeuliza kwa nini. Nikanyamaza. Nikakutazama ukila."

Uyoga wote ukadondoka mkekani. Nafula akafungua macho, yake mwenyewe sasa, akavuta shuka na kusogea ukutani, mahali ambapo mkono wa mumewe haungemfikia.