Jani Lililopokelewa kwa Niaba

Kiti cha pili katika chumba cha mashahidi kililowa. Hakikumwagikiwa maji, kililowa chenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mwanajuma, afisa ustawi aliyekaa na mashahidi kabla hawajaitwa, alikikausha, kikalowa tena. Akaandika barua. Akajibiwa kwamba paa halivuji, na kwamba barua za viti huletwa nakala tatu.

Siku moja kabla ya hapo, mzee Melkior, kaka wa mshtakiwa Sirili, alikuwa amemletea jani refu la kijani lililopigwa fundo.

"Mpe mama Elisifa. Ataelewa."

Mwanajuma ni mzaliwa wa Njoro, mjini, si mlimani; majani hayo ameyaona maisha yake yote yakipandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Akaandika kwenye daftari, "Jani la uzio, moja. Hali: nzuri," akasaini kwa niaba ya shahidi, akalitia kwenye glasi ya maji lisinyauke.

Alasiri ile Elisifa aliposhuka kutoka mlimani, alisimama mlangoni akilitazama.

"Nani kalipokea isale?"

"Ni mimi, mama. Nimesaini."

"Mwanangu, isale ni kuomba msamaha. Likishapokelewa, ugomvi umekwisha. Umemsamehe aliyemuua binti yangu, tena kwa kalamu ya serikali."

Binti huyo, Hellen, mkewe Sirili, alikutwa amekufa ndani ya mfongo, mfereji unaopeleka maji kwenye kahawa. Elisifa peke yake ndiye aliyemwona Sirili akipanda kutoka huko, suruali imelowa hadi mapajani. Lakini siku ile ya jani hakutoa ushahidi: kesi iliahirishwa kwa sababu jalada lilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa semina.

Kesho yake kiti kikaanza kulowa.

Siku ya ushahidi Elisifa alikuja na chupa ya chai na vikombe viwili. Uso wake uling'aa kuliko inavyompasa mfiwa. Akamimina chai, kikombe kimoja akakiweka mbele ya kiti cha pili, akaanza kuongea nacho kwa Kichagga, kwa sauti ya chini. Mwanajuma akasikia harufu ya tope, na ndani ya tope harufu ya maua ya kahawa ambayo msimu wake ulikuwa bado, na akaona maji yakichuruzika kutoka kwenye mto wa kiti, tone kwa tone, kama yatokayo kwenye nywele za mtu aliyeinama, na yalipofika sakafuni hayakutawanyika bali yalisimama mahali pamoja, yakajichora nyayo mbili ndogo zilizoelekea kwa mama. Akaanza kusoma Ayatul Kursi.

"Usimsomee!" Elisifa alinong'ona. "Atakwenda."

"Nani, mama?"

"Hellen. Yeye hakusamehe, ndiyo maana kaja. Nikiwarudishia jani lao, nikasema nilichokiona, atapumzika. Na mimi nitabaki na nani?"

"Kwa hiyo leo…"

"Leo sikuona kitu."

Mwongozo wa kazi unamkataza afisa kumwelekeza shahidi aseme nini. Haumkatazi kumuulizia mjukuu.

"Loveness hajambo?"

"Hajambo. Ana miaka sita sasa, yuko kwangu. Baba yake akiachiwa atakuja kumch…" Elisifa akanyamaza. Matone nayo yakanyamaza.

Kisha Elisifa akalitoa jani kwenye glasi, akalifuta kwa khanga.

Mwanajuma alitembea nyuma yake, na nyayo zenye maji zikatembea katikati yao. Mbele ya mahakama nzima Elisifa akaliweka jani mapajani mwa Melkior. "Sikulipokea mimi." Akapanda kizimbani, akaapa, akasema yote: saa, mfongo, suruali. Hakulia. Sirili aliinamisha kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

"Una la kuongeza?" jaji aliuliza.

Elisifa akageukia mahali wazi pembeni yake, akasema maneno machache kwa Kichagga. Jaji akamtazama mkalimani, naye akakohoa kwanza.

"Mheshimiwa, anasema: 'Nenda, mama. Mtoto anakula vizuri.'"

Karani akauliza kama hilo nalo liandikwe. Kabla hajajibiwa, mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa taratibu mno, kama afungavyo mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.