Wembe wa Maskati

Soksi ilikuwa tupu. Pazi aliigeuza ndani nje, akaikung'uta, akatia mkono mpaka kwenye vidole, kama mtu anayetafuta karanga ya mwisho kwenye mfuko. Wembe alionunua Maskati, alioufunga mwenyewe ndani ya soksi hiyo na kuufukia katikati ya begi kubwa lililosafiri tumboni mwa ndege, haukuwamo. Na kufuli la begi lilikuwa zima.

Aliukuta saluni, chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe pale Kilwa Masoko. Ulikuwa kwenye rafu ya kioo, umekunjuliwa. Saluni ilikuwa haijafunguliwa tangu aondoke, na ufunguo wake alikwenda nao safari, akarudi nao.

Alimwuliza mkewe. Kidawa akamjibu kwamba mtu anayetafuta miwani huku ameivaa asisumbue watu na habari za wembe. Wakacheka, yakaisha. Nyumba ile mambo mengi yalikuwa yakiishia kwenye kicheko.

Pazi alikuwa kinyozi aliyekula chumvi ya nchi nyingi, na kila alikokwenda alirudi na wembe wa kukunja: Mombasa, Moroni, Istanbul. Sheria za viwanja vya ndege alizijua vizuri, kwa kuwa aliwahi kuusahau mmoja kwenye mfuko wa koti. Askari wa kike aliyemsimamisha mbele ya mashine alitaka kujua huko angani alikuwa anakwenda kumnyoa nani. Pazi alimjibu kwamba anakwenda kumnyoa rubani. Utani huo ulimweka kwenye chumba kisicho na dirisha mpaka ndege ikamwacha, na tangu siku hiyo nyembe zake zote zilisafiri kwenye begi kubwa, na yeye alisafiri kimya.

Huu wa Maskati uliwashinda wenzake wote. Mpini wa pembe nyeusi, chuma chembamba kinachotetemeka ukikipulizia. Aliuona kwenye kiduka cha soko la zamani, chenye giza kuanzia mlangoni. Uso wa muuzaji hakuuona. Alikaa nyuma ya pazia, ukatoka mkono tu, mrefu, usio na kinyweleo hata kimoja. Waliongea Kiswahili, jambo ambalo Maskati halimshangazi mtu. Pazi alifurahi kupunguziwa bei bila kubembeleza, na kwa adabu za kwetu, mtu akikutendea wema ugenini humwachi hivi hivi. Akasema yale tunayosema wote bila kufikiri.

"Ukija Kilwa, nyumba yangu ni yako. Wala usibishe hodi, ingia tu."

Mtu mwingine angeshukuru. Wa nyuma ya pazia akasema, "Nimekubali."

Siku za mwanzo ilikuwa harufu tu. Nywele zilizoungua, na chini yake udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Zakia, binti yao, aliyekuja kujifungulia kwao huku mumewe amebaki kijijini Mtama na mikorosho yake, alilalamika kwamba harufu ile inamkaba. Mwanawe Rehani alikuwa anakaribia arobaini, siku ambayo babu yake angemnyoa nywele alizozaliwa nazo. Pazi alisema ni harufu ya kazi, wazoee tu, mbona yeye ameizoea ya mafuta yao ya nazi.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na saluni ina kufuli, Kidawa alisikia wembe unanolewa. Shwapu, shwapu, kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa kando ya kiti. Alisimama ukumbini na ufagio mkononi, akasikiliza mpaka ukanyamaza. Kisha paka wao akapenya chini ya mlango wa saluni akiwa amenyolewa kuanzia pua hadi mkia, bila mchubuko hata mmoja, hana hata masharubu, akatambaa mpaka miguuni pake, akatetemeka pale sakafuni kama mtu mwenye homa, na kabla wanaume hawajarudi kutoka kuswali akawa amekufa macho wazi.

Pazi hakufanya utani juu ya paka. Aliuchukua wembe akautupa chooni. Alipotoka uani, ulikuwa mfukoni mwa shati lake, safi kuliko yeye.

Kesho yake mchana Zakia alilala na mtoto ubavuni, mlango umerudishwa, dirisha lina wavu, na alipoamka ile harufu ilikuwa imemjaa mdomoni kama kitu alichotafuna, akapeleka mkono kichwani kwa mwanawe kama afanyavyo kila akiamka, na vidole vikapita mahali palipokuwa laini mno, mstari mmoja tu, upana wa kidole, ulioanzia kwenye paji la uso, ukapita juu ya utosi pale panapodunda, ukashuka mpaka kisogoni, na mtoto hakuwa analia, alikuwa ameangalia dari, macho yake yanamfuata taratibu mtu anayeondoka.

Bi Batuli, mganga, aliletwa kutoka Sudi. Majini aliyokwisha kuyatoa pwani nzima ilikuwa inayajua. Pazi alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini hakuvuka kizingiti.

"Huyu ameingia au ameitwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Pazi akamweleza maneno aliyoyasema Maskati, yote, mpaka lile la hodi. Mama yule akafumba macho.

"Angevamia, ningemtoa. Umemkaribisha wewe mwenyewe, mwanangu, mimi sina amri naye. Mlishe, kisha msindikize. Labda ataona haya aondoke."

"Anakula nini?"

Bi Batuli alitazama chumba cha ndani. "Kichwa ambacho wembe haujakigusa. Ameshaanza kuonja."

Zakia alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akagumia. Pazi alijipapasa kichwa.

"Hiki je? Kina mvi, kimetumika, lakini kimejaa."

"Muulize yeye. Akikubali, kaa kwenye kiti usimtazame. Akimaliza, inuka, msindikize mpaka uwanja wa ndege, apite njia aliyojia. Usigeuke mpaka ufike." Akaondoka bila kuonja hata chai.

Alasiri Pazi aliwaingiza wanawake chumba cha ndani, akawakataza kutoka mpaka wasikie mlango wa barabarani umefungwa. Alimwambia Kidawa kwamba akirudi na sura mbaya asimdai talaka, kwani hata hii aliyonayo aliivumilia. Kidawa hakucheka. Alimshika mkono, na Pazi akauachia kwa shida.

Wakasikia kiti kikilia. Wakasikia mkanda, shwapu, shwapu, polepole. Wakamsikia Pazi anasimulia visa vyake vya safari, kimoja baada ya kingine, akafika kwenye kuchekesha akacheka mwenyewe, na kicheko kingine kikamjibu, kikavu, kama cha mtu anayejifunza, kikajaribu tena, kikateleza, na mara ya tatu kikawa kicheko cha Pazi kabisa, na Zakia akamziba mtoto masikio.

Mlango wa barabarani ukafungwa. Nyayo zikaenda.

Harufu ikatoka nyumbani kama imevutwa kwa kamba. Kidawa alikwenda saluni na ufagio, akainama chini ya kiti, akaangalia kila pembe. Hapakuwa na unywele hata mmoja. Akakaa sakafuni akalia kwa furaha. Mgeni ameona haya, alimwambia Zakia, hakumgusa.

Na kweli, kabla ya magharibi Pazi akaingia, nywele zake na mvi zake, masharubu yake, nyusi zake nene kama alivyozaliwa nazo. Akaketi kwenye mkeka, akatoa kisa cha rubani, wakacheka wote watatu mpaka Zakia akashika mbavu. Akaomba apewe mjukuu wake. Kidawa akatoka uani kumchemshia chai.

Alikuwa anapuliza mkaa simu ilipoita kwenye pindo la kanga.

"Mama Zakia." Ilikuwa sauti ya Pazi, inahema. "Nimefika uwanjani. Kaninyoa chote, nyusi, kope, nimebaki kama yai, watu wananikimbia." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nimegeuka, mke wangu. Nyuma yangu hakuna mtu. Na wembe sinao. Fungeni milango, nakuja."

Kidawa aliinuka, simu ingali sikioni. Ndani, binti yake alikuwa bado anacheka, kile kicheko chepesi cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mshike vizuri shingo, baba," Zakia alikuwa anasema. "Bado laini."