Bei Iliyoganda

Kila siku baada ya swala ya adhuhuri, Dilshad alifunga kiduka chake cha nyuzi na vifungo pale Kuze, akapanda ngazi, akakaa mbele ya kompyuta. Huo ulikuwa wakati wa Owais.

Owais ni mumewe. Zamani alikuwa na duka lake la miwani mjini. Kodi ilipopanda asiweze kuilipa, alilifunga, akaenda Maskati kufanya kazi katika duka la watu. Aliaga kwamba anakwenda miaka miwili. Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Binti yao, Umaima, alikuwa na miaka minne baba yake alipoondoka. Sasa ana kumi.

Huko Maskati maduka mengi hufungwa mchana kwa sababu ya joto. Owais huutumia wakati huo kupiga simu ya video. Dilshad huiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, pembeni ya kompyuta. Huku anauona uso wa mumewe, na huku anaziona bei za sarafu za mtandaoni.

Sarafu hizi hazishikiki mkononi kama shilingi. Watu huzinunua na kuziuza kwa kompyuta au simu, na bei yake hupanda na kushuka kila mara. Owais ndiye aliyeanza, kisha akamfundisha mkewe. Akiba yao yote ilikuwa humo, katika akaunti moja, nao waliihesabu mafungu mawili. Fungu dogo lilikuwa la biashara. Fungu kubwa lilikuwa la kununua mashine ya kukata vioo vya miwani, ili Owais arudi afungue duka. Hilo walikubaliana lisiguswe.

"Leo soko limetulia," Dilshad husema.

"Ngoja kidogo, litaamka," Owais hujibu.

Wakangoja pamoja. Mara nyingi hawakusema jambo jingine. Dilshad alitosheka kumsikia akipumua upande wa pili.

Siku moja, wakati wa likizo ya shule, Umaima alikuwa chumba cha pili akipakua filamu za katuni kwenye simu ya zamani. Dilshad alikuwa kwenye kompyuta, naye Owais yuko kwenye video. Owais akasema, "Bei yaanza kushuka. Uza lile fungu dogo kabla halijaharibika."

Dilshad akatazama. Bei ilikuwa bado nzuri. Akabonyeza kitufe cha kuuza. Kimya. Hakikuonyesha kitu. Akabonyeza tena. Kimya vilevile. Uso wa Owais nao ulikuwa umesimama, mdomo wazi, jicho moja nusu limefumba.

"Owais, wanisikia?"

Hakujibu. Dilshad akabonyeza mara ya tatu.

Baadaye kidogo kila kitu kikazinduka kwa pamoja. Bei ikaruka, ikaanguka chini kabisa. Maagizo matatu ya kuuza yakajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, yote yamekwisha kutekelezwa. La kwanza lilikuwa limeuza fungu dogo. La pili na la tatu yalikuwa yamekata fungu la mashine, tena kwa bei ya chini sana.

Dilshad alimwambia mumewe papo hapo. Hakumficha. 

"Mkataba wangu waisha mwezi wa sita," Owais akasema. "Itabidi nitie sahihi mwingine."

"Wa muda gani?"

"Hawatoi chini ya miaka miwili."

Dilshad aliinuka, akaenda dirishani. Chini kichochoroni watu walikuwa wakipita na shughuli zao. Alihesabu kichwani. Umaima atakuwa na miaka kumi na miwili.

Jioni ile Nyevu alikuja dukani kutafuta zipu. Nyevu ni mwanamke wa Kigiriama kutoka Kaloleni, amepanga chumba katika nyumba ya jirani. Hufanya kazi katika ofisi ya mizigo huko Mbaraki. Kazi yake ni kuangalia hali ya mtandao wa ofisi, usikatike, usichelewe.

"Masalkheri, mama Umaima," alisema. "Mbona macho yamevimba?"

Dilshad alitaka kusema ni vumbi. Lakini alikuwa amechoka kubeba jambo lile peke yake, akamweleza. Nyevu alisikiliza mpaka mwisho, zipu mkononi.

"Ile bei uliyoiona ikiwa nzuri," akauliza, "ilikuwa ya saa ngapi?"

"Ya wakati ule ule. Niliiona kwa macho yangu."

"Twende unionyeshe."

Walipanda juu. Dilshad alipoandika nywila yake, Nyevu aligeuza uso akatazama ukutani. Kisha akasogea, akaweka kidole pembeni ya kioo, chini kabisa. Palikuwa na kitone kidogo cha rangi, namba, na saa.

"Hivi umeviona kabla ya leo?"

"Nimeviona. Sikujua kazi yake."

"Sikiliza, dada yangu. Bei hii haikai humu ndani ya kompyuta. Iko mbali, kwenye mashine za soko. Kila inapobadilika, soko hukutumia habari. Habari ikichelewa njiani, kompyuta haikwambii kwamba haijui. Hukuwekea tu ile bei ya mwisho iliyoifikia. Wewe waiona kama ya sasa, kumbe ni ya zamani."

"Kwa hivyo niliuza kwa bei ambayo haipo?"

"Uliitazama bei ambayo haipo. Ukauzia iliyopo."

Dilshad akakaa kitako. "Na mbona ilikataa, kisha ikakubali mara tatu?"

"Haikukataa. Kila ulipobonyeza, agizo lilifika. Kilichokwama njiani ni jibu."

Nyevu akamweleza vile vitu vitatu. Kitone kikiwa kijani, umeunganishwa vizuri. Kikiwa cha manjano, mtandao unasuasua. Kikiwa chekundu, umekatika. Namba ni muda ambao habari hutumia kwenda sokoni na kurudi, kwa vipande vya elfu vya sekunde. Ikiwa chini ya mia moja, ni nzuri. Ikipanda hadi mia tano, tahadhari. Ikizidi hapo, usinunue wala usiuze. Saa huonyesha lini bei imebadilika mara ya mwisho. Ikisimama huku saa ya ukutani inatembea, bei imeganda.

"Sasa tuone nyumba yako ina shida gani," Nyevu akasema.

Namba ilikuwa ikicheza kati ya mia tatu na mia sita, na wakati huo hakuna aliyekuwa akitumia mtandao. Nyevu akauliza rauta, kile kifaa cha kusambaza mtandao nyumbani, iko wapi. Dilshad akampeleka chumba cha nyuma.

Hicho kilikuwa chumba cha kazi cha Owais. Meza yake ilikuwa bado pale, na vipande vya vioo, na koleo dogo la kunyooshea mikono ya miwani. Rauta ilikuwa juu ya meza, pale pale alipoiweka mwenyewe wiki ile aliyosafiri. Dilshad alipafuta vumbi kila Ijumaa, na hakuna kitu alichokisogeza.

Nyevu akapiga ukuta kwa kiganja. "Ukuta wa matumbawe huu, na unene wote huu. Mawimbi ya mtandao hayaupenyi vizuri. Na tazama, hii njia hupita kuta mbili kabla haijakufikia." Akamtazama Dilshad. "Ingefaa ihamie kule mbele. Na kompyuta uiunge kwa waya."

Dilshad aliishika rauta, akaiachia.

"Si lazima leo," Nyevu akasema kwa upole.

"Leo ni sawa," Dilshad akasema. Akaichomoa mwenyewe. Juu ya meza pakabaki alama ya mraba, mbao zake nyeusi kuliko kwingine.

Walipounga waya, namba ilishuka hadi themanini, ikatulia. Nyevu akamwambia Umaima awashe filamu yake. Namba ikapanda. Akazima, ikashuka. Mtoto alicheka, akataka kurudia. Kisha Nyevu akamwomba Dilshad apige simu ya video kwa mtu yeyote. Dilshad akampigia dadake. Namba ikapanda tena, kitone kikageuka manjano.

"Hii simu ya video ni nzito," Nyevu akasema. "Ukifanya biashara, usiwe kwenye video."

Dilshad akaangalia chini. "Huo ndio wakati wangu na mume wangu."

Nyevu akafikiri. "Basi tenga nyakati mbili. Moja ya soko, nyingine ya mumeo."

Kabla hajaondoka alimfundisha mambo mengine. Mtandao ukikwama baada ya kubonyeza, usibonyeze tena. Chukua simu yenye bando, ambayo haitegemei rauta, ufungue orodha ya maagizo, uone kama la kwanza limefika. Tena akamwonyesha jinsi ya kuliachia soko agizo la kudumu: bei ikishuka hadi hapa, uza. Agizo hilo hukaa kule sokoni kwenyewe, hufanya kazi hata kama nyumbani umeme umezimika. Ila soko likianguka kwa kasi sana, huenda likauza chini kidogo ya ulipotaka.

"Na jambo moja zaidi," alisema akiwa ngazini. "Mtandao mzuri haukupi faida. Wakuonyesha ukweli kwa wakati wake, basi. Sarafu hizi zaweza kuanguka hata laini ikiwa safi. Pesa za mashine ya mumeo mimi nisingeziacha humo."

Dilshad alimweleza Owais yote. Wakakubaliana kutoa kilichobaki cha mashine, kikawekwa benki. Fungu dogo peke yake ndilo lililobaki sokoni. Asubuhi, Umaima akiwa shuleni, Dilshad alitazama soko kwa muda mfupi. Kwanza aliangalia kitone, kisha namba, kisha saa. Bei aliiangalia mwisho.

Siku moja kabla ya adhuhuri, namba ilianza kupanda yenyewe. Mia mbili. Mia saba. Kitone kikawa chekundu. Bei kwenye kioo ilikuwa nzuri mno, haijapata kufika pale mwezi mzima. Owais akapiga simu ya kawaida, sauti tupu bila picha.

"Dilshad, soko laporomoka. Uza."

"Kwangu bei iko juu."

"Kwangu imeshuka sana. Uza sasa."

Kidole cha Dilshad kilikuwa juu ya kitufe. Akatazama ile saa ndogo ya pembeni. Ilikuwa imesimama. Akauondoa mkono wake, akauweka pajani.

"Siuzi," akasema. "Niliacha agizo. Ngoja nitazame kwa simu."

Akafungua orodha ya maagizo kwa bando. Agizo la kudumu lilikuwa limeshauza, mara moja tu, karibu na bei aliyoitaka. Alimsomea mumewe. Mpaka alasiri bei ilikuwa imeanguka mbali chini ya pale. Hawakupata faida siku hiyo. Lakini walichokuwa nacho, karibu chote, walikuwa nacho bado.

"Umefanya vizuri," Owais alisema. "Mimi ningebonyeza."

Wakati wa adhuhuri sasa ulikuwa wa mazungumzo peke yake. Kompyuta ilizimwa. Siku za mwanzo hawakujua waseme nini. Owais aliuliza habari za soko, Dilshad akasema soko ni la asubuhi. Wakatazamana. Picha ilikuwa safi, na Dilshad aliona mvi kwenye ndevu za mumewe ambazo hakupata kuziona.

"Wala chakula gani huko?" akamuuliza siku moja.

"Mikate na samaki wa mkebe."

"Kila siku?"

"Siku nyingi."

Siku nyingine Owais akamwambia kwamba usiku hupita akilini mwake kwenye vichochoro vya Kuze, mlango kwa mlango, ili asivisahau. Kuna mahali hupotea, karibu na msikiti, hakumbuki nyumba inayofuata ni ya nani. Dilshad akamwambia ni ya nani. Owais akafumba macho, akaendelea na safari yake, akauliza nyumba nyingine. Wakafika hivyo mpaka mlangoni kwao.

Hapo Owais akasema, kama anayekumbuka jambo dogo, "Tajiri wangu anabadilisha mashine yake ya vioo. Ile ya zamani nzima kabisa. Ataiuza rahisi."

"Rahisi kiasi gani?"

Owais akamtajia. Dilshad akakaa wima. Zile pesa za benki zilitosha, hata baada ya hasara ile.

"Tangu lini anaiuza?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na hukuniambia?"

"Tulikuwa tukizungumza bei, Dilshad. Kila siku bei. Nilidhani wataka tupate ile mashine mpya."

"Mimi nilitaka wewe," Dilshad akasema.

Owais hakutia sahihi mkataba mwingine. Mashine ilitangulia kwa meli, ikaingizwa chumba cha nyuma na wapagazi wanne. Dilshad aliipangusa meza mwenyewe.

Owais aliwasili mwezi wa saba, asubuhi. Alikuwa mfupi kuliko Dilshad alivyomkumbuka, na sauti yake ilijaza ngazi nzima. Majirani walikuja, Nyevu akaja na machungwa kutoka kwao Kaloleni, wakakaa, wakaondoka. Wakabaki watatu.

Umaima alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na birika mkononi. Alikuwa hajamkaribia baba yake tangu alipomsalimu. Alimtazama, akamtazama mama yake, kisha akamtazama tena.

"Baba," akauliza, "wewe unakunywa chai na sukari?"

Dilshad alifungua mdomo amjibu mtoto, akagundua kwamba hajui. Zamani Owais alikuwa akitia vijiko vitatu. Sasa alikuwa mtu mwingine kidogo, na yeye pia. Akageuka, akamtazama mumewe, akangoja kusikia jibu lake.