Bakuli la Timotheo

"Watoto wa nchi nzima unawafundisha kula, wa kwako..."

"Mimi nampikia! Maharage kila siku, mchicha kila..."

"...wa kwako miguu kama njiti za kiberiti!"

"...kila siku, Hezekia! Unataka nimpikie hata mikono yangu?"

Klara na mumewe walikuwa wanakatana maneno, na chungu cha maharage kinachemka katikati yao. Nje ukungu ulishashuka mpaka kwenye shamba la chai la kijiji. Hezekia alikuwa ametoka kuchuma huko. Mkononi alishika gazeti lenye makala ya mkewe: jinsi ya kumlisha mtoto maharage.

Klara hakuajiriwa na mtu. Aliandika nyumbani mambo ya malezi, chakula na afya, akayatuma kwa posta, magazeti yakayachapa. Wazee wa darasa la kisomo pale kijijini walisomeana makala zake kwa sauti.

Lakini mwanawe Timotheo, wa miaka miwili, alikuwa anaisha. Mashavu yamebonyea. Hachezi. Klara aliijua sura ile. Ndiyo sura ya Rahabu, binti yake wa kwanza, kabla hawajamzika nyuma ya migomba.

"Siandiki tena," alisema. "Mimi mwongo tu."

"Hodi!" Mwajuma aliingia. Alikuwa nesi wa zahanati, tena jirani. "Kelele zenu zinafika barabarani. Nimekuja kula, maana wanaogombana hupika vizuri. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Raheli, mama yake Hezekia.

Wote wakalizunguka sinia moja. Ugali ulikuwa wa moto. Timotheo akamega, ukamuunguza, akauachia. Akapuliza vidole. Akamega tena kadogo, akatafuna, akatafuna. Kaka zake watatu walishachimba upande wa maharage. Kufumba na kufumbua, sinia jeupe. Timotheo akabaki anaramba kidole. Bibi Raheli, kama kawaida yake, alishajivuta nyuma zamani.

"Nimeshiba," alisema.

Mwajuma aliona yote.

Kesho yake akarudi saa ile ile.

"Shemeji Hezekia, leo tucheze. Wewe ule kwa vidole viwili. Tonge lisizidi punje ya hindi. Ulipulize mpaka lipoe, ulitafune, umeze, ndiyo umege jingine. Wengine mle kama siku zote."

Hezekia akacheka. Wavulana wakacheka zaidi, ila mikono yao haikusimama. Hezekia akapuliza, akatafuna. Alipoinua macho, sinia lilikuwa tupu.

"Nyie! Mbona hamkunibakizia?"

"Si mmekula pamoja?" Mwajuma alimuuliza.

"Nimekula nini mimi? Na njaa yangu yote hii!"

"Basi ndivyo anavyokula mwanao. Kila siku."

Hezekia akamgeukia Timotheo.

"Chakula kipo," Mwajuma alisema. "Kinampita tu. Mpeni bakuli lake. Mpondeeni maharage, mtie mafuta au maziwa kidogo. Mtu mmoja akae naye, asimharakishe. Na tumbo lake dogo, halibebi kingi. Kabla ya mlo wenu na baada yake apate tena: uji, ndizi, parachichi."

Bibi Raheli akang'aka. "Kumtengea mtoto! Humu ndani tunakula pamoja tangu enzi za babu yake. Akikua atakuwa mchoyo."

"Akikua, bibi. Kwanza akue."

Klara alikuwa anatazama sinia.

"Rahabu naye alikuwa anakula polepole," alisema.

Miaka yote aliandika kitu cha kuweka kwenye sahani. Hakuwahi kuandika ni nani anakifikia. Rahabu alikufa njaa mbele ya chakula, na yeye mama yake amekaa pembeni, anakula.

Timotheo alipata bakuli la bati la bluu, limebanduka mdomoni. Hezekia mwenyewe akawa anapuliza matonge. Wavulana wakanung'unika, wakazoea. Masika yalipokwisha, Timotheo alikuwa anakimbiza kuku, na mzani wa zahanati ulipanda. Klara akaandika habari za bakuli lile, zikachapwa. Watu wakamsifu. Yeye, kila alipolijaza, macho yalimkimbilia kwenye migomba.

Jioni moja alikuwa anaponda maharage ya mtoto. Timotheo amelikumbatia bakuli lake, anawanunia kaka zake wasiliguse.

"Huyo ndiye mchoyo wako, mama!" Hezekia alimtania mama yake.

Wote wakacheka. Bibi Raheli hakucheka. Hakunyoosha hata mkono kwenye sinia. Kinywani alibakiwa na meno mawili, na mifupa ya mabega ilisimama chini ya khanga. Alikuwa anautazama mwiko wa Klara.

"Klara, mwanangu," alisema polepole. "Na mimi nipondee hayo. Nitafutie na mimi bakuli."