Kigoda cha Mwanne

Kigoda kilikuwa na joto. Si joto la jua, jua halifiki kona ile. Lilikuwa joto la matako ya mtu aliyeinuka sasa hivi. Khadidja aliuondoa mkono wake haraka, akaupangusa kwenye kitenge.

"Nani amekaa kwa kiti ya Mwanne?"

Mafundi wake wakatazamana. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa.

Karakana yake ya bati, pale Buyenzi, ilikuwa imepewa kazi ya kuunda mbabula mpya, jiko la kula makaa machache, kwa ajili ya akina mama waliokimbia vita na kujibanza Carama. Kazi ililetwa na Sylvère, mbunifu wa vyombo katika ofisi moja ya misaada. Siku ya kwanza alisema, "Mbele ya kutengeneza mbabula, tutengeneze mutu." Mafundi wakacheka. Hakuwa anatania. Ndivyo alivyofundishwa: unambuni mteja mmoja, unampa jina, umri, hofu na hasira zake, na kila unapokwama unamuuliza yeye. Akina mama wenyewe walikuwapo Carama, si mbali. Lakini barabara ile ilikuwa na risasi, na kubuni hakuhitaji kutoka nje.

Khadidja akatoa jina, Mwanne. Akatoa na kigoda, akakitandika kitenge. Mengine yote alitoa Sylvère, na aliyatoa kwa ukarimu mbaya. Mume wa Mwanne akapigwa risasi njia ya Gatumba, kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, ndagala wakamwagika hadi kwenye mtaro. Nyumba yake ikachomwa. Watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, wakafa kwa kuhara.

"Wote wawili?" Khadidja aliuliza.

"Wote, Mama Khadidja. Wafadhili wanapenda kulia kidogo."

Mtu wa kubuni ni rahisi kumuua. Damu haikurukii. Fundi akiuliza kama kishikio kirefushwe, Sylvère anabana sauti kama ya mwanamke: "Ndiyo baba, mukono yangu imeungua ya kutosha!" Karakana nzima inaanguka kicheko.

Baada ya joto ikaja harufu, ya ndagala walioungua pamoja na nywele. Halafu ikaja sauti. Mchana, adhana ikiita na nyundo zote za Buyenzi zikinyamaza, kule konani mtu alisikika akipepea makaa, pe, pe, pe, na hapakuwa na moto wala mtu.

Sylvère aliposimuliwa alicheka. "Munaogopa mutu niliyetengeneza mi mwenyewe? Haya, nimuulize." Akabana sauti, akafungua kinywa, na kabla neno halijamtoka, sauti ile ile ya kubana ikatoka kwenye kigoda.

"Nani aliua bwana yangu?"

Nyundo ikamdondoka fundi mmoja.

"Sylvère," Khadidja alinong'ona, "ni we?"

"Mi sijasema kitu."

"Niliuliza barabara ya Gatumba," sauti ikaendelea, polepole, kama mtu anayechambua mchele, "ikasema haimujui. Nikauliza bunduki zote, za serikali na za porini, zikasema apana. Njo nikajua risasi ilitoka kwa kinywa. We uliua bwana yangu. Ulichoma nyumba yangu. Watoto yangu waliharisha mpaka wakaisha, na we ulikuwa unacheka. Nakuja kwako."

Sylvère alipofika kwake Kigobe alikuta mapazia yameungua pindoni bila moto, kuta zinanuka ndagala, na mkewe Adélaïde amepiga magoti kati ya vitanda viwili, kwa maana Loïc na Kelly, waliokuwa wakiruka kamba asubuhi ile, walikuwa wakihara maji matupu, midomo imekauka, macho yameingia ndani, na kila mmoja akiuliza kwa nini yule mama aliyekaa mlangoni hasemi.

"Mama gani?" Adélaïde alilia. "Sylvère, umeleta nini humu ndani?"

Sylvère alirudi Buyenzi mbio. Khadidja alikuwa amekwisha kumwita Mwalimu Shaabani, mtabibu wa kisomo. Mzee alifukiza ubani, akasoma, kisha akafunga msahafu.

"Huyu hakutumwa. Ni jini alikuwa anapita tu. Akakuta jina, akakuta kiti, akakuta uchungu usiokuwa na mwenyewe, akavaa. Mi siwezi kumuvua, aliyemuvika njo atamuvua. Mwanangu, murudishie vyake. Bwana, nyumba, watoto. Na useme vizuri, kama ulivyosema mabaya."

Sylvère akapiga magoti mbele ya kigoda, jasho likimtiririka. "Mwanne! Bwana yako iko muzima. Nyumba yako iko. Watoto yako wawili ni wazima, wanakula. Imekwisha!"

"Wanaitwa nani?" Mwalimu akamshika bega. "Sura yao? Nyumba iko wapi? Taja!"

"Nimesema imekwisha, Mwalimu! Wangu wanakufa!" Akajing'oa, akatimua mbio.

Kwa wafu, Sylvère alijua hata mtaro walikomwagikia ndagala. Kwa walio hai hakuwa na jina hata moja.

Khadidja alikigusa kigoda. Baridi. "Ameenda," akapumua.

"Ameenda," Mwalimu akasema. "Wapi? Bwana na watoto aliopewa hawana jina."

Adélaïde alikuwa ametoka kutafuta dawa. Alirudi jioni, akikimbizana na saa ya amri ya kutotoka nje, na kabla hajafungua lango alisikia watoto wakicheka, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaingia, akaona uani mbabula mpya inawaka, Sylvère amechuchumaa akiipepea, Loïc akila bugali kwa ndagala, na Kelly, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuonja ndagala, akilamba sahani, kichwa amekilaza juu ya kigoda ambacho Adélaïde hakukinunua, ila kichwa hakikugusa kigoda, kilielea juu yake kama kilicholala mapajani mwa mtu, na kitenge kilichotandikwa kilikuwa kimebonyea katikati.

"Loïc! Kelly!"

Wakamtazama kwa adabu, kama watoto wanavyomtazama mpita njia.

"Mama," Kelly akauliza, uso ameuelekeza kwenye kigoda, "ule mugeni anataka nini?"

"Masikini," sauti ya kubana ikajibu. "Huyo njo mama asiye na bwana wala watoto. Vita ilikula wote. Baba Kelly, mupe mbabula moja aende."

Sylvère akainuka, macho yamejaa huruma. Akamkabidhi Adélaïde jiko kwa mikono miwili, akamsindikiza hadi barabarani, akafunga lango.