Ongeza Tatu

Boti ya Uvira ilipofika Baraka asubuhi ile, ufuo ulikuwa umejaa watu hadi pa kuweka mguu palikosekana. Vita vilikuwa katika mwaka wake wa tano, lakini tumbo halijui vita, na samaki waliuzwa kama kawaida. Akashuka mwanamume mrefu, suruali ameikunja hadi magotini, shati la bluu limepigwa pasi kama la bwana harusi, chupa ya chai kwapani. Wenzake waliuliza chakula na pa kulala. Yeye aliuliza barafu.

Florentine, nesi wa kituo cha afya, alikuwa ameinamia beseni la Mama Marthe, muuza samaki, akichagua mikeke. Alivaa blauzi nyeupe na kikwembe, kitenge cha njano, nywele amezisuka vizuri, na uso wake ulikuwa umetulia mno. Waliomjua walisema ulitulia hivyo tangu mauaji ya Makobola, alikopoteza mama yake na dada zake wawili. Halii, hacheki. Ukimuuliza habari atakujibu "bien", yaani nzuri, na mazungumzo yameishia hapo.

Mama Marthe aliinua samaki aliowapaka chumvi, akachota mabonge ya barafu yaliyokuwa chini yao, akajaza chupa ya mgeni.

"Barafu ya bia?" Florentine aliuliza, na mwenyewe hakujua kwa nini ameuliza.

"Ya kazi, mama. Niko natafuta infirmière, nesi wa friji ya chanjo. Banasema iko mukali sana."

"Nani anasema?"

"Hakuna muntu. Mi naona sasa."

Mama Marthe alicheka mpaka akashika mbavu. Florentine hakucheka, ila alimpokea mgeni mfuko mmoja na kumtangulia njiani.

Jina lake lilikuwa Anatole, fundi wa mafriji ya chanjo, na alikuwa amemletea kipimajoto kipya. Kilikuwa na kioo kidogo cha namba na waya mrefu, na kwenye ncha ya waya kidude cheusi kisichozidi punje ya mahindi. Humo ndani, Anatole alieleza, ndimo umeme unamohisi joto. Ila vidude hivi vinatoka kiwandani kama watoto wa tumbo moja, kila kimoja na tabia yake, hivyo lazima upime kila kimoja kabla ya kukiamini. Namna yake ni rahisi. Barafu inayoyeyuka ni sifuri, Ulaya na Baraka pia. Unachovya kidude humo, unasoma kioo, na tofauti unayoiona ndiyo uongo wake.

"Vyote vinadanganya," alisema akikoroga maji ya barafu. "Haina shida. Kama kinadanganya kiasi kilekile kila siku, unaandika pembeni, halafu unakiamini kabisa."

Kioo kilisema tatu chini ya sifuri. Anatole alikata kipande cha plasta, akaandika *ongeza 3*, akakibandika kwenye mlango wa friji. Alikaa siku nne Baraka kwa kazi ya siku moja.

Baada ya hapo mapenzi yao yalipita kwenye phonie, ile redio ya kituo, kwa kuwa simu hazikuwepo. Kila asubuhi saa moja na nusu vituo vyote vya ukanda wa ziwa vilitoa joto la friji zao, na kila kituo kilisikia maneno ya mwenzake. Florentine alisoma moja kwenye kioo, akaongeza tatu, akasema, "Baraka, nne. À toi," yaani zamu yako. Anatole alijibu toka Uvira kwamba nne ya Baraka ni tamu kuliko nne zote. Siku nyingine alimwita chérie, mpenzi, halafu akasingizia kelele za redio. Alimuuliza kama amekula, amelala, amemkumbuka. Florentine alijibu "bien" kwa yote matatu. Lakini saa moja na robo tayari alikuwa amekaa mbele ya phonie, na kikwembe amebadilisha.

Katika mwezi wa pili wa mazungumzo hayo Florentine akatikisa chupa ya chanjo ya pepopunda akaona machicha ndani. Akatikisa ya pili, na ya kumi. Chanjo iliyoganda haifai tena, na chupa mia mbili zilikuwa zimeganda. Ripoti ikaja kutoka Uvira, imeandikwa na Anatole mwenyewe: kipimajoto kilipimwa vizuri, nesi alichezea friji. Wakamtoa Florentine kwenye friji, kitu pekee alichokuwa akikichunga, wakamweka kupima uzito wa watoto. Alisoma ripoti mara moja, akaikunja. Alitafuta uchungu moyoni mwake hakuupata. Asubuhi iliyofuata Anatole aliita mara tano, na Florentine akaendelea kupima watoto.

Siku ya tisa Bienfait, opereta wa phonie, alikuja mbio. "Anasema haiko mambo ya mapenzi. Iko mambo ya barafu."

Florentine akaenda.

"Florentine, vidude vya kartoni ileile nimevipima hapa na barafu ya maji safi," Anatole alisema. "Vyote vinasoma sifuri. Ile barafu ya Mama Marthe, unaweza kuionja? À toi."

Alishuka ufuoni. Aliomba bonge moja kutoka chini ya samaki, akalilamba mbele ya watu wote, akapanda tena bila haraka.

"Iko na munyo," alisema.

Barafu yenye chumvi huwa baridi kuliko sifuri. Hilo kila fundi analijua. Kidude hakikudanganya hata kidogo. Ile tatu ya plasta ndiyo iliyodanganya: nne ya Florentine ilikuwa moja tu, usiku ikishuka chini ya sifuri, na kwa kuitii alikuwa amegandisha friji yake mwenyewe. Mficha uchi hazai, na Anatole hakuficha. Vituo vyote vikisikiliza, na daktari mkuu pia, alisema kosa ni lake, ripoti ni ya uongo, na kama kazi itakwisha, iishe.

"Na nataka kukuoa. Basikie wote. À toi."

Florentine alishika kipaza sauti. Vidole vilikuwa bado na baridi ya barafu, na sasa vilianza kuuma.

"Anatole, mi sisikii kitu moyoni. Tangu Makobola. Hata ripoti yako haikuniuma. Utaoa muke wa hivyo?"

Hakusema "à toi", kwa hiyo hakuna aliyejibu. Akaendelea.

"We ulisema kidude kikidanganya kiasi kilekile, unaandika pembeni. Basi andika. Nikisema sisikii kitu, ongeza tatu. À toi."

Redio ilikwaruza. Kabla Anatole hajajibu, sauti ya mwanamke wa kituo kingine ikaingia.

"Baraka, hapa Lweba. Hiyo tatu, na siye tuandike kwa friji yetu? À toi."

Florentine aliweka kichwa juu ya meza na mabega yakaanza kutikisika. Bienfait alikimbia kumletea maji, akidhani analia, maana hakuwahi kumwona akicheka.